Dozi kila siku 21, na mchicha nao siku 21

BARUA

Wahariri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Muheza. Nilipasuliwa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na sasa niko kwenye dripu za tibakemikali, Dar es Salaam, kila baada ya siku 21. Nimeandikiwa dozi 8: nne za mwanzo ni ile dawa nyekundu, nne za mwisho ni nyingine. Nimeshamaliza 2.

Dawa nitaivumilia. Kinachonishinda ni kwamba nimekuwa mgeni nyumbani kwangu. Nina bustani nyuma ya nyumba. Muuguzi aliniambia, "Mama, jihadhari na udongo," na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu sikuuliza zaidi. Kijana wangu mkubwa aliposikia hivyo akafungia jembe stoo, ufunguo anatembea nao. Wifi yangu aliyekuja kunisaidia amewakataza wajukuu, wa miaka 8 na 5, kunikaribia, anasema dawa itawaingia. Nashinda barazani natazama mchicha unavyotoa mbegu na kuku wanavyojilia. Hata asumini ya dirishani, niliyokuwa naitunga jioni, harufu yake sasa inanitapisha.

Naomba mnieleze: udongo ni hatari kwangu kweli? Kama ipo kazi ninayoweza kufanya, ni ipi na siku zipi? Na wajukuu je?

Mama wa Muheza

JIBU

Mama, pole na ugonjwa, na pole na safari za Dar. Muuguzi alisema kweli, ila ile kweli imefika nyumbani nusu. Udongo una hatari kwako, lakini hatari hiyo haiko sawa siku zote 21, wala haiko sawa kwa kila kazi. Jembe na libaki stoo, hapo tunakubaliana na kijana. Bustani ndiyo irudi kwako.

Tuanze na kalenda. Siku unayowekewa dripu iite siku ya 1. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika upesi, za saratani na za kwako pia, zikiwemo zile zilizo ndani ya mifupa zinazotengeneza damu. Chembe nyeupe ambazo tayari zinazunguka mwilini huendelea kukulinda siku chache, ndiyo maana kinga haianguki siku ile ile. Hushuka taratibu, ikafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda, na karibu na siku ya 21 kwa kawaida imerudi kiasi cha kuruhusu dozi nyingine. Chembe za kugandisha damu nazo hufuata mkondo unaokaribiana na huo. Maana yake ni kwamba wiki ya kwanza kinachokusumbua ni kichefuchefu na uchovu. Wiki ya pili mwili unaanza kuchangamka, unatamani kushika kazi, na kumbe ndipo kinga iko chini kuliko siku zote. Wengi huteleza hapo kwa sababu wanaupima usalama kwa nguvu walizonazo. Wiki ya tatu, siku ya 15 hadi ya 21, ndiyo yako. Kama kipimo cha damu kimewahi kukutwa chini hata dozi ikaahirishwa, mwulize daktari kama usubiri hadi siku ya 18. Na hizo dozi 4 za mwisho, uliza mapema kama nazo ni za kila siku 21. Baadhi ya hospitali huzigawa kwa wiki, na hapo kalenda hii yote inabadilika.

Sasa udongo wenyewe. Hauna sumu inayopenya ngozi nzima. Hatari yake huingia kwa jeraha, kwa pumzi na kwa mdomo.

Jeraha ni mwiba, ukucha uliopasuka, au kisigino chenye ufa. Upande wako wa kushoto una hesabu yake ya ziada. Tezi za kwapani ndizo zilizokuwa zikichuja majimaji ya mkono na kupambana na vijidudu vinavyoingilia vidoleni. Zikiondolewa, mchubuko mdogo unaweza kuleta uambukizo unaopanda mkono mzima, na baada yake mkono ukabaki umevimba. Kwa hiyo glovu kila mara, hata kwa kazi ya dakika mbili: ndani glovu nyembamba za hospitali, juu yake glovu za kitambaa au ngozi zisizobana. Miguuni mabuti na soksi. Malapa hayafai, maana minyoo ya safura huingilia ngozi ya mguu. Mikono na visigino vipakwe mafuta ya mgando usiku ili visipasuke. Saa na bangili hamishia mkono wa kulia. Sindano na kipimo cha presha navyo viwe mkono huo huo wa kulia, tunaamini hilo wameshakuambia.

Pumzi ndiyo watu wengi wanayoisahau. Samadi kavu, mboji inayopinduliwa, majani yaliyooza chini ya michungwa, nyasi za matandazo zilizoota ukungu: vyote vikiguswa vinarusha vumbi la kuvu lisiloonekana. Mtu mwenye kinga timamu analipumua, anapiga chafya, basi. Kwako linaweza kuota kwenye mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi jembamba namna hiyo. Kwa hiyo kugeuza mboji, kumwaga samadi, kufagia chini ya miti na kufungua gunia la mbolea lililokaa muda mrefu si kazi zako mpaka umalize matibabu yote na daktari akuruhusu, hata iwe wiki ya tatu. Wanaozifanya wazifanye wewe ukiwa ndani au upande upepo unakotokea, na wanyunyizie maji kwanza. Udongo mbichi hautimui.

Mdomo ni suala la usafi tu. Kucha fupi, sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chochote cha kuliwa, nguo za bustani zivuliwe nje zisiingie kitandani. Usile ukiwa bustanini, hata chungwa.

Ukizuia njia hizo tatu, zinabaki kazi nyingi, na nzuri. Kusia mbegu, kupandikiza miche kwenye udongo uliokwisha kutayarishwa, kupunguza miche iliyobanana, kumwagilia kidogo kidogo, kuchuma majani, kufunga mashina kwenye kamba. Na ipo moja ambayo haitaki glovu: kuamua. Nini kipandwe wapi, lini kivunwe, nani apelekewe fungu. Hiyo usiiachie hata siku ya 3 ukiwa kitandani. Familia nyingi humwondolea mgonjwa kazi kwa mapenzi, na bila kujua zikamwondolea na usemi. Kijana wako hana ubaya, anaogopa. Mwite, mpe hesabu hii ya siku, umwambie kazi ya jembe, samadi na kubeba maji ni yake, na mipango ni yako.

Uzuri ni kwamba mchicha una kalenda kama yako. Kwa joto la Muheza, ukipata maji ya kutosha, mchicha wa kung'oa huvunwa siku ya 21 hadi 28 tangu kusiwa. Ukisia siku ya 16 ya mzunguko huu, siku ya 16 ya mzunguko ujao ndiyo siku 21 kamili. Unavuna na kusia tena siku hiyo hiyo, wiki yako nzuri, kwa mkono wako. Wiki mbili katikati ambazo huwezi kugusa udongo, mchicha nao hauhitaji mkono wako, unahitaji maji tu. Matembele yanafuata hesabu hiyo hiyo kwa hatua ndefu zaidi: mche wa sentimita 30, majani ya chini yameondolewa, theluthi mbili umezikwa, huchumwa mara ya kwanza baada ya kama siku 42, yaani mizunguko miwili, na baada ya hapo hukubali kuchumwa kila wiki tatu. Kotmiri nayo iweke kwenye siku 42.

Sukuma wiki usiisie mwenyewe. Kitaluni hukaa wiki 4 hadi 6, kwa hiyo miche inaweza kuwa tayari wakati wewe huko tayari. Nunua miche yenye majani 4 au 5 na uipandikize wiki ya tatu. Bamia haifai mwaka huu. Ikianza kuzaa inataka kuchumwa kila baada ya siku moja au mbili, la sivyo inakomaa na kuwa ngumu, haitasubiri siku zako 14 zipite, na vinyweleo vyake vinawasha. Nyanya tunakushauri uiache kabisa. Kwa kantangaze (yule mdudu anayetoboa majani na matunda) na mnyauko ilivyo, nyanya bila kupiga dawa ni bahati nasibu, na eneo linalopigwa dawa si mahali pako kwa sasa.

Mchicha usisie chini. Tumia madumu ya lita 20 yaliyolazwa na kukatwa ubavu wa juu, kama 6 kwa mboga ya familia, juu ya meza mbovu au matofali kwenye kimo cha sentimita 70. Ukikaa kwenye kiti, mikono inafika bila kuinama, ila kuku wafungiwe, maana kimo hicho wanaweza kukiruka. Kijana atoboe matundu 7 au 8 chini ya kila dumu kwa msumari wa moto. Akisahau, maji yatatuama na mizizi itaoza kabla miche haijafika inchi moja. Udongo: sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyoiva, 1 ya mchanga. Samadi iwe imelundikwa na kuloweshwa angalau miezi 3. Mbichi inaunguza miche, na inabeba vijidudu vya tumboni ambavyo kwako si mzaha. Haya yote ayamalize kabla ya siku ya 14, ili ukitoka wewe ukute udongo umelowa na umetulia.

Mbegu za mchicha ni ndogo kiasi kwamba ukisia peke yake utaziangusha rundo moja. Changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na kikombe cha mchanga, nyunyiza kwenye madumu yote 6, funika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita, kisha nyasi kidogo zisizo na ukungu. Nyasi ziondolewe mara vichipukizi vinapoonekana, siku ya 3 hadi ya 5 tangu kusia. Zikichelewa, miche inarefuka na kulala. Miche ikianguka shingoni kama iliyokatwa, hicho ni kinyausi: maji mengi mno na miche imebanana. Mwagilia asubuhi tu, upunguze miche ibaki nafasi ya vidole viwili. Mbegu zikitoweka bila kuota, tazama sisimizi kabla ya kumlaumu aliyekuuzia. Miguu ya meza ikiwekwa kwenye mikebe yenye maji hawapandi, ila maji hayo yamwagwe na mikebe isuguliwe kila baada ya siku 3, vinginevyo mtafuga mbu.

Kwa matembele na sukuma wiki, gunia linafaa. Kiroba cha kilo 50 kikijazwa hufika kimo cha paja, sawa kwa aliyekaa; gunia la kilo 100 ni la kusimama. Katikati lazima kuwe na nguzo ya mawe, na watu wengi hufanya haraka hapo. Unachukua mkebe uliokatwa kitako na mfuniko, unausimamisha katikati, ndani unajaza mawe ya ukubwa wa ngumi, nje unajaza udongo, kisha unauvuta mkebe juu na kurudia mpaka gunia lijae. Bila nguzo hiyo maji yanaishia juu, miche ya chini inakauka na mtadhani ni ugonjwa. Matundu ya pembeni yawe ya sentimita 5 tu, yakipishana, umbali wa kiganja, na mstari wa kwanza uanze sentimita 30 kutoka chini. Simika miti 3 kuzunguka, la sivyo masika yataliangusha.

Maji ni mazito, na hili linahusu mkono wako. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10. Wewe beba chupa ya lita 1.5 yenye kifuniko kilichotobolewa, kwa mkono wa kulia, ujaze mara nyingi. Mkono wa kushoto usiukalishe bure moja kwa moja maana nao hukakamaa. Ufanye kazi nyepesi na ile mizunguko ya bega uliyofundishwa baada ya upasuaji, uongeze mzigo polepole. Ukiona pete au mkono wa gauni unabana upande huo kuliko jana, punguza na uripoti kliniki. Kwa siku unazokuwa Dar, chupa zifanye kazi yenu: kata kitako cha chupa, toboa kifuniko kwa sindano, funga kitambaa mdomoni kisizibe kwa tope, izike kichwa chini sentimita 5 kando ya mche, ijazwe kupitia kitakoni. Ikiisha chini ya saa moja, tundu ni kubwa. Isipodondosha kabisa, kitambaa ni kizito.

Fanya kazi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 na nusu jioni, kofia pana na mikono mirefu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hufanya ngozi iungue na jua upesi. Dakika 15 za kazi, dakika 10 za kukaa. Uchovu wa tibakemikali hautibiwi kwa kulala tu. Mwendo mwepesi wa kila siku huupunguza, na hilo limethibitishwa vya kutosha kiasi kwamba wataalamu wa saratani huliandika kama ushauri. Lakini kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, kichwa kinazunguka au moyo unapiga mbio ukiwa umekaa, acha. Ile dawa nyekundu inaweza kugusa moyo: miguu ikivimba au ukikosa pumzi unapolala chali, nenda hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Hapa tunaomba kijana na wifi wasome wenyewe. Nunueni kipimajoto cha kidijiti. Joto la nyuzi 38 mdomoni, au 37.5 kwapani kwa kuwa kwapani husoma chini kidogo (pimeni kwapa la kulia), katika siku yoyote ya mzunguko, hiyo ni dharura, saa ile ile, hata ni usiku wa manane. Msianze na panadol, itashusha joto na kuficha moto unaowaka ndani. Msianze na mseto wa dukani. Kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na kwa mtu aliye kwenye dripu hizi mazoea hayo yanaua. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini dawa ya vijidudu ya mshipa isisubiri jibu. Kiwango kinachotakiwa ni ianze ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Mkifika mapokezi semeni kwanza, "Yuko kwenye tibakemikali na ana homa," kabla ya kutaja jina. Kadi ya kliniki, majina ya dawa na tarehe ya dozi ya mwisho vikae kwenye mfuko mmoja mlangoni. Kutetemeka kwa baridi bila homa nako kunahesabika. Akijikata bustanini: sabuni na maji yanayotiririka dakika 5, bana damu ikate, funika, tazama kila siku. Wekundu unaotambaa, joto au uvimbe, hasa mkono wa kushoto, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Wajukuu sasa. Wifi yako ana chembe ya ukweli, kaiweka pasipo pake. Dawa hutoka mwilini kwa mkojo, choo na matapishi, zaidi katika saa 48 za mwanzo baada ya dripu. Ule mkojo mwekundu wa siku moja au mbili ni rangi ya dawa. Kwa saa hizo 48 anayesafisha beseni au kufua shuka zilizochafuka avae glovu, choo cha shimo kifunikwe, cha kuvuta kivutwe mara mbili, na mjamzito asiguse kabisa. Maji ya ndoo ya usiku na ya kufulia ya siku hizo yasimwagwe bustanini. Hapo ndipo tahadhari inapoishia. Kukumbatiwa, kupakatwa, kulala mkeka mmoja, kushikwa mkono, kula meza moja: hakuna kinachomwingiza mtoto dawa. Siku ya 2 anaweza kukaa nawe barazani.

Hatari iliyopo ni ya upande wa pili, mtoto kukuletea wewe. Mwenye mafua, kikohozi au kuharisha akae mbali, hasa siku ya 7 hadi 14. Shuleni kukizuka tetekuwanga, ijulishe kliniki hata kama mtoto wenu hana dalili. Wote wanawe mikono wakitoka shule. Na wasiletwe kukuaga na kukusalimia tu kama wanaotembelea wodi. Wa miaka 8 anajua kuandika, huyo ni karani wa bustani: daftari lenye tarehe, siku ya mzunguko, joto la Bibi asubuhi na jioni, uchovu wa Bibi kwa alama 0 hadi 10, na kilichofanyika bustanini. Daftari hilo daktari atalifurahia, maana wagonjwa wengi wakiulizwa "wiki ya pili ulikuwaje?" hawakumbuki. Wa miaka 5 apewe kufukuza kuku na kuhesabu vichipukizi. Wiki ya pili, wewe umekaa kitini hatua chache kutoka kwenye madumu, wao wanafanya na wewe unaelekeza: "Hilo si gugu, mwanangu, hilo ni mnavu, liache."

Kinachovunwa kiliwe kwa mpango. Wiki ya pili kila mboga ipikwe, kachumbari isubiri. Wiki nyingine mboga za kula mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa, jani moja moja, na tango limenywe. Mdomo ukiwa na vidonda, mchicha wa nazi bila pilipili wala limau, ukapozwa, hupita vizuri. Majirani watakuletea mlonge, shubiri na muarobaini wa kunywa. Pokea, shukuru, usinywe kabla hujamwambia daktari, kwa sababu ini linalozisaga dawa zako ndilo litakalosaga na hizo. Muarobaini mpeni mchicha: kilo 1 ya majani mabichi yaliyotwangwa, lita 5 za maji, yalale usiku kucha, yachujwe, itiwe sabuni kidogo ili ishike majani. Hufukuza vidukari na viwavi wachanga. Apige kijana, jioni, wewe ukiwa ndani.

Dozi za mwisho nne zikibadilika, tazama vidole. Dawa za kundi linalotolewa mara nyingi baada ya ile nyekundu huweza kutia ganzi ncha za vidole na nyayo. Mtu haoni mwiba ulipoingia, wala hasikii maji ya moto. Kisu na panga viondoke mkononi, utumie mkasi, na mishikio ya mkasi na koleo dogo izungushiwe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli mpaka iwe minene. Mwisho wa kazi mtu mwingine akukague viganja na nyayo. Ukishindwa kufunga vifungo vya gauni, liseme kliniki kabla ya dozi inayofuata, kwani dozi inaweza kurekebishwa, na ganzi ikiachwa huchelewa kuondoka.

Na asumini yako usiing'oe. Ubongo umeifunga harufu ile na kichefuchefu kwa sababu vyote viwili vilikukuta dirishani wiki moja, na kwa wengi fundo hilo hulegea matibabu yakiisha. Kwa sasa kijana apunguze matawi yanayogusa dirisha, wewe uhamie chumba cha upande wa pili kuanzia siku ya 1 hadi ya 7. Usiku asumini ikifunguka, wajukuu wachume na watunge uani, mbali. Bakuli la maua lisiwekwe chumbani kwako, hasa wiki ya pili, kwa sababu maji yanayolala na maua hufuga vijidudu. Wiki ya tatu jaribu ua moja, nje, penye upepo. Ukiona tumbo limetulia, kaa nao utunge. Badala ya sindano tumia ncha ya chelewa: haichomi, na vidole vyenye ganzi huishika kwa urahisi zaidi.